Spika Mbili za Mninga

Kazi yangu ya kwanza nilipofika Dar es Salaam ilikuwa kulehemu. Kiwanda chetu kilikuwa kinaunganisha redio, na sisi wanawake tulipangwa kwenye meza ndefu, kila mmoja na pasi yake ya moto na waya wa lehemu pembeni. Redio ilinifikia ikiwa bado mifupa mitupu. Nilikuwa na viungo saba vya kugusa. Nikimaliza naisukuma kwa mwenzangu wa kulia, naye ana vyake. Mwaka mzima nililehemu viungo vile saba bila kujua vina kazi gani. Jioni nilirudi Kariakoo nikinuka moshi, na mume wangu, ambaye yeye alinuka gundi na unga wa mbao, alikuwa anasema Mungu katukutanisha watu wa harufu.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Mama mwenye nyumba alikuwa Mmwera wa Lindi, mjane, mkali kwa mambo mawili tu: maji ya pipa na umeme. Kila chumba kilikuwa na taa moja inayoning'inia darini, basi. Pasi ya umeme marufuku. Mume wangu alikuwa seremala, ana kibanda chake cha kazi Ilala, anatengeneza milango na vitanda. Watoto tulikuwa hatujajaliwa. Redio hatukuwa nayo. Kiwandani zilipita mikononi mwangu kwa mamia, na nyumbani tulisikiliza ya jirani kupitia ukutani.

Siku moja msimamizi alinituma nipeleke kreti kwenye chumba cha majaribio. Fundi wa pale, mtu mpole aliyewahi kusomea ng'ambo, nilimkuta amevaa visikilizio vinavyofunika masikio yote mawili, kafumba macho kama anayesali. Aliposhtuka akaniona namtazama, akavivua, akanivika mimi.

"Sikiliza, dada. Usiseme kitu kwanza."

Nilisikia mtu anapiga piano. Nimewahi kusikia piano kwenye redio, lakini huyu hakuwa ndani ya redio. Hakuwa kwenye sikio la kulia wala la kushoto. Alikuwa katikati ya kichwa changu, nyuma ya macho. Mkono wa kushoto, mbali kidogo, walikuwapo watu wa fidla; mkono wa kulia mtu anagonga ngoma taratibu. Niligeuka kumtafuta yule wa ngoma. Kulikuwa na ukuta na kalenda.

Fundi alicheka. "Hiyo inaitwa stirio. Redio tunazounda hapa zina mdomo mmoja. Hii ina midomo miwili, kila mmoja unasema chake, na masikio yako ndiyo yanayokutanisha."

Nilirudi mezani. Viungo saba vya siku ile nilivirudia mara mbili mbili.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuunda mashine ya namna ile, yetu wenyewe, chumbani.

Akaacha kula. "Utaundaje kitu ambacho hata jina lake umelijua leo?"

"Wewe kitanda chako cha kwanza ulijifunzia wapi?"

"Kwenye kitanda kilichovunjika."

"Haya."

Akacheka, akaendelea na ugali wake. Asubuhi, kabla sijaondoka, aliniuliza kama mashine hiyo itahitaji mbao.

Vipuri vilikuwa adimu miaka ile kama ilivyokuwa adimu sabuni. Kiwandani vilijaa, lakini vilikuwa mali ya umma, na getini tulipekuliwa hadi kwenye mafundo ya kanga. Kulikuwa na vipuri vilivyokataliwa, vile vilivyoshindwa vipimo, na hivyo vilipondwa kila mwisho wa wiki. Nilimwendea fundi wa majaribio nikamwomba anisaidie kuviomba kwa halali. Aliandika barua, meneja akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Mwanamke wa meza ya pili anataka kuunda amplifaya?" Fundi akajibu, "Ndiyo, ndugu meneja." Akatia sahihi.

Mlinzi wa getini alimwaga mfuko wangu mezani akahesabu kipuri kimoja kimoja kulinganisha na barua.

"Hivi vidudu vya nini, dada?"

"Vya muziki."

"Mbona haviimbi?"

"Bado."

Fundi alinichorea ramani ya nyaya nyuma ya fomu ya zamani. Aliichora mara moja tu, kisha akasema niijenge mara mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, zilingane kama mapacha. Saa ya chakula alinionyesha namna ya kupima kila transista, nikatenga zilizokufa na zilizo hai. Hapo ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba vile viungo vyangu saba vya kila siku ndivyo vinavyoikuza sauti ndogo ikawa kubwa. Niliiweka sambusa yangu chini. Mwaka mzima nilikuwa nawapa watu sauti bila habari.

Nyumbani sikuwa na umeme wa kulehemea. Nilinunua pasi ya mafundi bati, ile ya kichwa cha shaba inayopashwa kwenye makaa. Ilikuwa nene kama kidole gumba. Mume wangu alikichonga kile kichwa kwa tupa mpaka kikawa chembamba kama penseli, akakitia mpini mpya. Basi Jumapili baada ya Jumapili nilikaa uani na jiko la mkaa, wenzangu wanapika maharage, mimi napika nyaya. Mama mwenye nyumba alipita akachungulia ubao wangu.

"Mwanangu, hicho ni chakula gani?"

"Ni gramafoni, mama."

"Inakula umeme kiasi gani?"

"Kama ile taa ya chumbani kwetu, mama, au chini kidogo."

Akafikiri. "Kama taa, basi ikiwaka hiyo, taa izimwe. Na ikiwaka taa, hiyo izimwe." Nilikubali. Kwa kweli nisingeweza kufanya vingine, maana mahali pekee pa kuchomeka ni pale pale kwenye holda ya taa.

Sehemu ya kuzungushia santuri tuliipata kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa mitaa ya juu. Familia yake ilikuwa inahama, na mume wangu aliitwa kumtengenezea makasha ya kufungia vyombo. Nyuma ya duka aliona kabati kubwa la gramafoni, mbao zake zimeliwa na mchwa hadi miguuni. Alikuja kuniita. Nilifungua mgongo wake nikatazama: kisahani kinazunguka, sindano ni ya stirio. Ndani yake ilikuwamo santuri moja kubwa ya ng'ambo, jalada limechanika. Na spika ilikuwa moja. Upande wa pili kulikuwa na tundu tupu.

"Nyingine nilimpa kinyozi wa Ilala," mzee alisema. "Alikuwa ananyoa wanangu. Alitaka kitu chenye sauti."

Mume wangu aliomba alipwe kabati lile badala ya fedha ya makasha. Mzee aliona anamwonea mume wangu, akamwongezea pia kipande cha kitambaa cha suruali.

Fundi wa majaribio alikuwa ameniambia jambo moja ambalo lilikuwa linaninyima raha: spika za stirio lazima zifanane. Ukichanganya hii na ile, sauti itavutwa upande. Kwa hiyo tulikwenda kwa kinyozi. Spika yake aliitundika nje juu ya mlango, ndani ya boksi la majani ya chai, na ilipiga kelele hadi kituo cha basi. Nilipomwambia shida yangu aliacha kunoa wembe.

"Dada yangu, hiyo ndiyo inayoniitia wateja. Nikikupa wewe, wataniona vipi?"

Nilimwahidi nitamletea spika nyingine nzima, ndogo kidogo. Akakataa. Nikarudi wiki iliyofuata nikamtengenezea redio yake iliyokuwa inakwaruza, bure. Akashukuru sana, akakataa. Mara ya tatu mume wangu alikwenda peke yake, kabeba kiti begani. Alikuwa amekitengeneza usiku na mchana kwa mabaki ya mbao, kiti cha kunyolea chenye mikono na mahali pa kuegemeza kichwa, na egemeo hilo linapanda na kushuka kwa kigingi. Alikiweka chini. Kinyozi alikaa. Akaegemea. Akapandisha kigingi, akateremsha. Watu wawili waliokuwa wanasubiri zamu walisimama kutazama.

"Panda juu ya stuli," kinyozi alimwambia mume wangu, "ukaishushe mwenyewe. Mimi siwezi kutazama."

Sasa yakabaki makasha ya spika. Kazi hiyo mume wangu aliichukua kama ametumwa na serikali. Alitafuta mninga uliokauka miaka, akachana mbao, akaunganisha pembe kwa meno yanayoingiana, bila msumari hata mmoja. Nilimwambia, kama nilivyoambiwa, kwamba kasha halitakiwi kuvuja hewa wala kutetemeka, na kwamba ndani lijazwe kitu laini. Tulichana mto wetu mmoja tukatoa sufi. Mbele alivika kitambaa cha gunia la katani alichopewa na muuza mchele wa sokoni, kilichofuliwa na kunyooshwa hadi kikapendeza. Aliyapaka makasha yale vanishi mara nne. Yaliposimama chumbani, moja kila upande wa dirisha, yalitufanya tuongee kwa sauti ya chini.

Tuliwasha Jumapili mchana. Wapangaji wenzetu walikuja na viti vyao, wengine wakakaa mlangoni. Mama mwenye nyumba alikuja baada ya kuswali adhuhuri, akapewa kitanda akalie. Mume wangu alisimama kwenye kona na mikono nyuma, amevaa shati la sikukuu. Nilitoa taa kwenye holda, nikachomeka waya wangu, nikasubiri moshi. Haukuja. Nikateremsha sindano.

Muziki ulitoka. Watu wakapiga makofi. Lakini mimi nilijua papo hapo kwamba kuna kitu hakipo. Sauti ilikuwa nyembamba na imesambaa, kama maji yaliyomwagika. Mwimbaji alikuwapo, mwanamke, anaimba lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani. Ila hakuwa mahali. Alikuwa anazagaa ukutani. Nilihisi machozi yanakuja, nikainama nyuma ya mashine ili wasinione.

Nikiwa pale nyuma nikakumbuka maneno ya fundi. Spika ni kama mtu anayepuliza: ngozi yake inasukuma hewa mbele, kisha inavuta nyuma. Zote mbili lazima zisukume pamoja. Ukikosea nyaya za moja, hii itasukuma wakati ile inavuta, na sauti zao zitauana. Nilizima. Nikafungua nyaya mbili za kasha la kushoto, nikazibadilisha, ya juu chini na ya chini juu. Nikawasha.

Yule mwanamke aliingia chumbani.

Sijui niseme vipi vingine. Alisimama katikati ya makasha, chini ya dirisha, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila sakafu ya saruji na ndala zangu. Kimo chake ulikijua. Ulijua kinywa chake kiko wapi. Fidla zilikaa mkono wake mmoja, ngoma mkono wa pili, na nyuma yao ukuta wa chumba chetu, ule wenye ufa, ulikuwa umeondoka, pamekuwa na ukumbi mkubwa wenye giza. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Jirani yetu aliyekuwa mlangoni alivua kofia. Mama mwenye nyumba aliteremka kitandani, akaenda polepole hadi pale chini ya dirisha, akapitisha mkono hewani, mara moja, mara ya pili.

"Hayupo," alisema. Kisha akaniangalia kama ananiona leo. "Mwanangu, huyu mtu umemweka wapi?"

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Nilitaka kuuona uso wake. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lile nililijua: ndilo alilowapa wateja wanaosifia mlango alioukosea.

"Umemwona?" nikamuuliza. "Hapo katikati?"

"Besi imepanda," akasema. "Imekuwa nzito, nzuri sana."

"Na mwimbaji?"

"Mimi huyo mnayemwona simwoni."

Nilidhani kona ile ndiyo mbaya. Nikamvuta mkono nikamkalisha katikati ya kitanda, pale pazuri kuliko pote. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha, kainamisha kichwa. Watu walipoanza kutoka, mmoja mmoja, wakitupongeza, aliwaaga vizuri. Mlango ulipofungwa akaniambia.

"Sikio hili la kushoto halisikii. Limekufa. Toka nina miaka sita, niliugua surua."

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa. Niliketi sakafuni. Vitu vikaanza kujipanga kichwani mwangu kimoja baada ya kingine: kwa nini barabarani hakukubali kamwe nitembee kushotoni kwake, nikadhani ni heshima ya kunikinga na magari. Kwa nini alichagua upande wa ukuta kitandani. Kwa nini mara nyingine nilimsemesha hakujibu, nikanuna siku nzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanzo niliogopa baba yako atasema binti yake anaolewa na mtu mwenye kasoro. Baadaye nikaona tunaishi vizuri tu. Jambo likishakaa muda mrefu linakosa siku ya kusemwa."

"Na makasha? Ulijua kwamba hutasikia?"

"Sikujua. Nilidhani stirio ni sauti kubwa na safi. Nimejua leo, nilipoona nyuso zenu." Akagusa pembe ya kasha la kulia, pale meno ya mbao yanapoingiana. "Lakini hata ningejua, mbao zingetaka kukatwa vile vile."

Nimesikia mambo mengi maishani, na nimeona machache ya kunitisha. Sijawahi kumtazama mtu kama nilivyomtazama yeye mchana ule. Miezi mitano alichonga nyumba ya kitu ambacho mwili wake haukuweza kukipokea, na mimi kila jioni nikimwambia, utasikia, subiri, utasikia. Nilijihisi mdogo. Pia nilijihisi nimeolewa na mtu mkubwa kuliko chumba kile.

Nilichukua chaki yake ya kuwekea alama za mbao. Nikaiweka tena santuri toka mwanzo, nikakaa mahali pangu, nikawa nasikiliza na kuamka kuchora sakafuni. Duara moja: hapa fidla. Duara jingine: hapa ngoma. Huyu wa gitaa la besi yuko nyuma kidogo, karibu na mguu wa meza. Pale chini ya dirisha nikachora nyayo mbili, za mwimbaji. Mume wangu alinitazama, kisha akavua viatu, akaenda kusimama kwenye kila alama. Alipiga magoti akaweka sikio lake la kulia kwenye kasha la kushoto. Akaenda hadi la pili, akasikiliza. Akarudi la kwanza mbio mbio, kwa magoti.

"Mwenzangu! Mtu wa ngoma huku hayupo kabisa!"

"Ndiyo."

"Wamegawana! Kweli wamegawana!" Alikuwa anacheka kwa sauti. "Sasa mama huyu anayeimba, yuko kasha gani?"

"Yote mawili. Sawa sawa."

Alisimama, akaja katikati ya makasha. "Yumo humu na yumo mle, na nyie mnamwona pale ambapo hakuna kasha?"

"Pale pale ulipo sasa."

Alitazama chini, akajikuta kasimama juu ya zile nyayo. Akatoka haraka, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu. "Hilo si jambo la fundi tena," alisema. "Hilo ni la Mungu mwenyewe."

Baada ya hapo Jumapili zetu hazikuwa zetu. Watu walikuja kutoka mtaa wa Gerezani, kutoka Ilala. Kinyozi alikuja akakaa mbele ya spika yake ya zamani kama anayemtazama mtoto aliyeolewa vizuri. Fundi wa majaribio alituletea santuri mbili. Mama mwenye nyumba alilegeza sheria yake, akamwita fundi umeme atutilie soketi, na wageni wakija ni yeye aliyewaonyesha mahali mwimbaji aliposimama. Mume wangu ndiye aliyechora upya alama za chaki kila zilipofutika kwa kudekiwa.

Mwezi wa tatu au wa nne tangu tuiwashe aliniomba jambo. Alinipa pamba, akataka nizibe sikio langu la kushoto, nilizibe hasa, na nikandamize kwa kiganja juu yake. "Nami leo nataka usikie kwangu kulivyo."

Nilifanya hivyo. Ukumbi ulifunga. Ukuta wenye ufa ulirudi mahali pake, na wale watu wote, fidla, ngoma na mwanamke, walisukumwa ndani ya mlango mmoja mwembamba. Nilitaka kuondoa mkono.

"Ngoja," akasema. "Usiwatafute walipo. Sikiliza mbao."

Nilisikiliza mbao. Sikujua kwamba mbao zinasikika. Polepole, chini ya besi, nikapata kitu kinachovuma kidogo kila noti moja nzito ilipopita, kama nzi aliyefungiwa kwenye kiberiti.

"Kasha la kulia," alisema. "Chini, nyuma. Tangu siku ya kwanza. Nilidhani mnaisikia mkaona haya kuniambia."

Alichukua bisibisi akafungua mgongo wa kasha. Sufi ya mto wetu ikamwagika sakafuni. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, na kweli, kijiti kimoja cha ndani, cha kukazia kasha, kilikuwa kimeachia gundi kwa upana wa ukucha. Santuri ile mimi nilikuwa nimeisikiliza zaidi ya mara mia bila kuusikia mvumo ule.